Levis Simiyu Khaemba na Pampu ya Kahawia, 1986–2025

Levis Simiyu Khaemba alizaliwa tarehe 14 Januari 1986 hapa Kamukuywa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Khaemba na Mama Rael Nasimiyu. Kiangazi cha mwaka huo vumbi liliingia hadi kwenye vyungu, ndipo akaitwa Simiyu, jina la mtoto wa kiangazi, kama lilivyo Nasimiyu la mama yake. Mama na mwana walikuwa wa kiangazi wote wawili, na wote wawili wa pumu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 2000 na sekondari mwaka 2004. Kifua hakikumruhusu kukimbia, basi mwalimu akamkabidhi kengele. Alijivuna nayo sana: yeye hakukimbia hata hatua moja, lakini shule nzima ilikimbia kwa mkono wake.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Velma, wakajaliwa Tiffany na Eugene.

Tarehe 11 Machi 2014 alifika Doha, akawa mlinzi wa lango la ghala huko Abu Hamour. Alikaa mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Nahashon, jirani yetu wa hapa. Langoni malori yalitimua vumbi kutwa. Kliniki ilimpa pampu mbili: ya buluu ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia ya kuvuta kila siku, hata akijiona mzima. Hiyo ya kahawia haimpi mtu nafuu papo hapo, kwa hiyo Simiyu alidhani anaweza kuishi bila yake. Kuanzia mwaka 2019, kila mtu wa kwetu aliyekuja likizo alibeba mfuko kutoka kwa Simiyu: tende, sabuni, na pampu ya kahawia ya mama. Mama akiuliza, anaambiwa huko ziko tele. Miaka sita mama alivuta, akarudi shambani, akajisifu sokoni kwamba naye amezaa.

Mwaka huu ya buluu ikaanza kushindwa. Mwezi wa Agosti daktari alimpima pumzi, akamwuliza kama ile ya kahawia anaitumia. Nahashon alikuwa kando yake. Simiyu alitazama sakafu.

"Daktari, hiyo iko kwa mama."

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba mirija ya hewa imezungukwa na misuli, na misuli hiyo ikichokozwa mwaka baada ya mwaka, haibani tu. Chembe zake hunenepa na kuongezeka, na kila zikijikaza huamsha kemikali inayojenga kovu kwenye ukuta wa mrija. Pampu ya buluu hulegeza msuli. Kovu halilegei.

Mama alipopata habari alimpigia simu. "Simiyu, ulinidanganya?"

"Mama, ulikuwa unalala umeketi."

Kisha Simiyu akauliza mahindi yamefikia wapi.

Oktoba Nahashon alikuja likizo. Aliporudi alibeba mfuko, safari hii wa mama kwenda kwa mwana: pampu mbili za kahawia ndani ya kitambaa. Simiyu alizivuta siku tisa. Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, alibanwa akiwa zamu, akavuta ya buluu hadi ikaisha. Alifariki hospitalini Doha saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Ameacha mjane, Velma. Watoto, Tiffany na Eugene. Dada yake, Milcah. Na mama yake, Rael Nasimiyu, ambaye leo amepanda kilima hiki hadi kaburini kwa miguu yake mwenyewe, bila kusimama kuvuta pumzi.

Simiyu, huko hakuna lango wala vumbi. Pumzika, baba, kwa amani.