Historia ya Mzee Kingi Charo Masha, Mwandishi wa Ubao wa Makadara

Mchungaji, wazee wetu, jamaa mliotoka Ruruma alfajiri, majirani wa Tudor na wale wa Buxton ya zamani, na ndugu zetu wa Ndia Kuu na Makadara, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Familia imenipa mimi, Mejumaa, mtoto wa kwanza wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, ambayo sehemu yake kubwa Mzee aliiandika mwenyewe kitandani, kwa penseli, akaweka tarehe zote kwa sababu alilichukia neno takriban kuliko alivyozichukia dawa, akatuagiza pia kwamba kosa lake la mwaka 2019 lisomwe lote, pamoja na tarakimu zake, hadharani, tusilipitie juu juu wala tusilipambe. Tumetii. Mkisikia la kuwachekesha, chekeni, yeye angekuwa wa kwanza.

Marehemu Mzee Kingi Charo Masha alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 huko Ruruma, Rabai, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Charo Masha, mgema, na wa mkewe wa kwanza. Alianza shule ya msingi ya kijijini Januari 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1970, ambako alipata alama ya juu kabisa katika hesabu na ya chini kabisa katika kuimba, na zote mbili aliziweka kwenye fremu moja ukutani.

Baada ya kusomea uwekaji hesabu kwa miaka miwili, aliajiriwa kuwa karani wa hazina ya baraza la mji tarehe 1 Julai 1973, siku ambayo mwaka wa fedha huanza, na jambo hilo alilichukulia kuwa ishara. Siku zile hesabu za serikali ziliandikwa kwa pauni, desturi iliyoachwa na Wazungu, pauni moja ikiwa shilingi ishirini, ingawa sokoni hakuna aliyeishika noti ya pauni, na karani kijana akafundishwa kugawanya kila kiasi kwa ishirini, kujumlisha kwa pauni kwa kuwa tarakimu zake ni fupi, kisha kuzidisha tena kwa ishirini ili kurudi kwenye shilingi. Pauni zilipoachwa, wenzake waliiacha na njia hiyo, yeye hakuiacha, alisema kichwa chake kimeshazoea kupanda ngazi hiyo na hakitaki nyingine. Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, bila hesabu yake hata moja kurudishwa na wakaguzi.

Alimuoa mama yetu, Joy Kavumbi, mwalimu wa chekechea, Jumamosi tarehe 10 Julai 1976, baada ya mahari kukamilika na kadzama, kile kibuyu cha tembo la mnazi, kupokewa na wajomba, na harusi ilisogezwa mbele wiki mbili kwa sababu bwana harusi alikataa katakata kuoa kabla makadirio ya mwaka hayajasomwa, mambo ambayo mama hajamsamehe mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mejumaa mwaka 1978, Charo mwaka 1981 na Truphosa mwaka 1986, wote wakalelewa katika nyumba za baraza pale Buxton, mpaka familia ilipohamia hapa Tudor mwaka 2021.

Wengi wenu hamkumjua kwa hazina, mlimjua kwa ubao. Jumatatu tarehe 3 Julai 2006, siku ya tatu ya kustaafu, alinunua ubao mweusi wa shule, akautundika ukutani mwa hoteli ya Bi Mwanaesha pale Makadara, na kila asubuhi, baada ya mahamri mawili na mbaazi, akaandika habari za mtaa kwa mwandiko ule wa kikarani, nani amefariki na atazikwa saa ngapi, maji yatafungwa siku gani, paka wa nani amepotea, arusi ya nani imeahirishwa. Kila mwaka bajeti ilipotoka aliketi na kitabu cha makadirio, kinene kama tofali, ambacho watu wengi hawana hamu hata ya kukifungua, akakigeuza kuwa Kiswahili ambacho muuza maji anakielewa, akieleza kwamba matumizi ya kawaida ni mishahara na chai, matumizi ya maendeleo ni taa na ngazi, na kwamba mkazi asiyejua kipi ni kipi atapewa chai akidhani amepewa taa. Watu walikwenda mikutano ya bajeti na karatasi walizonakili kwenye ubao ule, wakauliza maswali, wakajibiwa. Ilikuwa kazi njema, aliifanya bila malipo, na tusiseme uongo, ilimpa kiburi.

Sasa tunafika alipotuagiza tufike.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Muhdhar Hussam, sonara wa Ndia Kuu, aliyejuana naye tangu mwaka 1974, wakinywa kahawa pamoja kila siku ya Mungu, mmoja Mrabai wa kanisani na mwengine Mswahili wa mjini, wakibishana kuhusu kila kitu isipokuwa dini. Mwaka 2019 makadirio yalitenga shilingi milioni mbili na laki nne za kukarabati mtaro na ngazi za uchochoro mmoja unaotelemkia baharini kutoka Ndia Kuu, na wakazi wakamchagua Muhdhar awe mwenyekiti wa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 2 Julai, Mzee alipokuwa akihamisha kiasi hicho kwenye daftari lake, aliitwa mlangoni na jirani, akarudi, akasahau kugawanya, akaziweka shilingi kwenye safu ya pauni jinsi zilivyo, na asubuhi, mbele ya ubao, akazizidisha kwa ishirini. Mji ukasoma kwamba uchochoro umepewa milioni arobaini na nane.

Mtaro ulijengwa, ngazi zikatengenezwa, kazi ikaisha Septemba, nzuri, haina lawama. Lakini watu waliziangalia zile ngazi, wakauangalia ubao, wakaanza kunong'ona. Muhdhar alitoa stakabadhi zake zote, hakuna aliyezitazama, kwa sababu ubao wa Mzee Kingi ulikuwa haujawahi kukosea. Alimfuata rafiki yake pale hotelini akamwambia mbele ya Bi Mwanaesha, "Kingi, nduyangu, hebu kitazame tena chuo chako cha hesabu," na Mzee akamjibu kwamba yeye amekaa na hesabu miaka thelathini na mitatu na hakuna mkaguzi aliyewahi kumwambia atazame tena. Hakutazama. Badala yake, kuanzia Oktoba, kila Jumatatu aliandika juu kabisa ya ubao, Milioni arobaini na tano na laki sita ziko wapi? Hakutaja jina, na hakukuwa na haja ya kulitaja.

Sonara huishi kwa kuaminiwa. Wanawake waliomwekea Muhdhar mikufu na bangili zao kwa amana walikuja mmoja mmoja kuzichukua, wengine wakizipima upya mbele yake, na jamaa waliokuwa wamemposa binti yake Ruweida wakatuma mtu kusema wameahirisha, na kila mtu hapa anajua kwamba kuahirisha kwa namna hiyo ni kuvunja. Mwezi wa Januari duka lilifungwa.

Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, Mzee alilifungua daftari lake ili atoe tarakimu za kuandikia mashtaka rasmi, akapitisha kidole kwenye safu, akaliona kosa. Mama anasema alikaa pale mezani mpaka uji ukaganda. Tumeagizwa tuseme pia kwamba alinyamaza siku kumi na tatu. Kitabu kile hakuna mwengine aliyekisoma, angeweza kunyamaza mpaka leo, na katika siku hizo kumi na tatu aliwahi kujiambia kwamba mambo yatapoa yenyewe. Haya ni maneno yake, ameyapigia mstari.

Ijumaa tarehe 14 Februari, watu walipokuwa wakitoka msikitini, alipanda juu ya kiti mbele ya ubao pale Makadara, mzee wa miaka sitini na minane na magoti yake mabovu, akasema, "Milioni hizo hazikuwapo. Nilizidisha mimi. Muhdhar hakuchukua hata senti, na aliponambia nitazame, nilikataa." Wapo waliocheka, yupo aliyemtukana, Bi Mwanaesha akamshika mkono akamteremsha, akamwambia, "Keti baba, unwe maji." Hakuketi sana. Alihesabu kwamba uongo ule ulikuwa umesimama siku mia mbili ishirini na saba, basi akaandika masahihisho kwa idadi ileile ya siku, kila asubuhi upya, juu ya habari za vifo na maji, hata wakati wa corona, akiwa na barakoa, mtaa hauna mtu, akaandika mpaka tarehe 27 Septemba. Tena akaenda na daftari nyumba kwa nyumba kwa wale waliochukua dhahabu zao, nyumba thelathini na moja, akaenda na kwa wale waliovunja posa, akafungua ukurasa, akawaonyesha kwa kidole. Waliosikia walirudi kwa Muhdhar na aibu zao, duka likafunguliwa tena Machi 2021, na Ruweida akaolewa mwaka uliofuata na mtu bora kuliko yule wa kwanza, kwa ushuhuda wa Ruweida mwenyewe, ambaye yuko hapa na anaitikia kwa kichwa.

Lakini Muhdhar hakurudi kwenye kahawa. Mzee alikwenda dukani kwake mara nyingi kumtaka radhi, naye akaitika salamu, kwa adabu zote, akaendelea na kazi yake. Miaka mitano ikapita hivyo. Baba yetu aliyapokea, akisema ni haki, ila tuliokuwa tukiishi naye tulimwona akipungua, na hatusemi uzito wa mwili.

Alianza kuugua figo Agosti 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, chaki akamwachia Bi Mwanaesha, ambaye herufi zake ni kubwa na habari zake hazikosi utani. Mwanzoni mwa mwaka huu macho yalififia, miguu ikavimba, na kila alipoulizwa anataka nini, alijibu kwamba hataki kitu, na sote tulijua anachokitaka.

Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, baada ya sala, Muhdhar alibisha mlango wa nyumba hii. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na kitanda, akasema, "Nimekuwia radhi, nduyangu. Zamani nimekuwia, ulimi tu ulikuwa mzito." Halafu akamgeukia mama, akasema, "Bi Joy, kahawa i wapi?" Baba alilia kama ambavyo hatukuwahi kumwona akilia, nasi tukalia, mama akaiunguza kahawa ya kwanza, wakainywa hivyo hivyo. Muhdhar akataka aelezwe jinsi lile kosa lilivyotokea, Mzee akaagiza daftari, akamweleza pauni na ishirini, mwanzo mpaka mwisho, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kilemba chake, akasema, "Kumbe niliibiwa na Mzungu!"

Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, ni Muhdhar aliyempeleka hospitali kwa tuktuk ya mpwa wake na kukaa naye saa zote nne za mashine, wakibishana. Mzee alisinzia zaidi, akala vizuri zaidi, hakuuliza tena mashine itaisha saa ngapi. Baba yetu alifariki hapa nyumbani, usingizini, Jumatano tarehe 2 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi miwili na siku kumi na nane. Tumeumia, lakini tusijifiche, tumeshukuru pia, kwa sababu tulikuwa tukiogopa siku hii ingefika kabla ya ile tarehe 9 Mei.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyewakagua fomu zao, majirani waliolala hapa nasi tangu Jumatano, wenzake wa hazina ya zamani, wale saba waliobaki, na Bi Mwanaesha, ambaye leo hoteli yake imefungwa na ubao wake una jina moja tu. Tukitoka hapa tutaelekea Ruruma kwa maziko, saa sita kamili, na marehemu asingependa tuchelewe.

Marehemu ameacha mjane, Joy Kavumbi, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, na ndugu mmoja, Muhdhar Hussam. Jina la huyo ndugu halikuwepo hapa. Jana alasiri tulimpa Muhdhar karatasi hii aisome kwanza, tukiwa tumemwandika chini, pamoja na marafiki, naye aliisoma yote taratibu, na kosa lote, hakupunguza kitu, alipofika mwisho akaomba kalamu, akalikata jina lake kwa marafiki, akaliandika hapa, kwa mkono wake, nami nimelisoma pale alipoliweka.

Nenda salama, baba, ukalale kwa amani.