Risala ya Wapangaji wa Jengo Lenye Mtandao Chooni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Masoko wa kampuni inayotuletea mtandao;
Maofisa ulioandamana nao;
Mwenye nyumba wetu, ambaye leo tumemwona kwa mara ya kwanza katikati ya mwezi;
Wapangaji wenzetu, pamoja na ninyi mnaotusikiliza kwa mbali mkiwa kwenye foleni:

Hamjambo.

Risala hii inasomwa na katibu wetu, ambaye ni kinyozi. Kamati ilimchagua kwa sababu ana sauti, na kwa sababu amezoea kuzungumza na watu wasioweza kuondoka kwenye kiti.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi ugonjwa wetu tumeuweka tayari.

Tunajua umekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kutukabidhi cheti cha Jengo Linaloongoza kwa Matumizi ya Mtandao. Tunashukuru, tutakitundika. La pili ni kukata utepe kwenye mlango ule pale uani, ili mtambo mpya ulioko kwenye gari lenu uingizwe mle ndani. Kuhusu mlango ule tuna neno, na ndilo lililotufanya tuandike risala badala ya kupiga makofi tu tukala biskuti.

Ulipoingia uliuliza kwa nini watu wamejipanga ukutani upande wa kushoto, ukawapungia mkono. Walifurahi. Lakini lile si gwaride la heshima, Mheshimiwa. Ni foleni ya choo.

HISTORIA FUPI

Jengo letu lina ghorofa tatu na vyoo viwili, vyote viko chini, vinatazama ua. Kila chumba kina mita yake ya umeme. Umeme wa ngazi na wa vyoo analipa mwenye nyumba, na ndiyo maana taa ya ngazi ilikufa zamani na hadi leo haijazikwa.

Kampuni yako ilipotangaza kutupa kisanduku kimoja cha mtandao wa bure kwa jengo zima, tulishangilia. Fundi wenu akaja, akauliza akichomeke wapi. Hapo ndipo undugu wetu ulipofika mwisho wa kamba. Wa juu wakasema mita yao inakimbia sana. Wa chini wakasema soketi zao zimelegea. Mwalimu wa ghorofa ya pili alituma ujumbe kuwa yuko safarini, huku tukimwona dirishani anamenya chungwa. Tukaitisha kikao, na kikao kikazaa akili ambayo tulijivunia kwa muda mrefu: chooni kuna soketi, na umeme wa chooni si wetu. Kisanduku kikafungwa ukutani, juu ya tangi la maji. Tukapeana mikono. Tuliona tumemkomoa mtu.

Mgeni rasmi, choo kile kilijengwa na babu yake mwenye nyumba, marehemu, mzee aliyependa kuta nene. Mtandao uliingia mle na haukutoka tena. Ukisimama nje ya mlango unapata alama moja, nayo inapepesa. Ukiingia ukafunga, zinajaa zote. Ukikaa, ndiyo kabisa, video haikwami hata kidogo. Akili nyingi huondoa maarifa, na siku ile zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Baadaye choo cha pili kikapasuka bomba. Tukabaki na kimoja, hichohicho chenye mtandao.

MAFANIKIO

Tumeisoma ripoti yenu ya takwimu, ile yenye picha ya kijana anayechekea simu. Inatusifu sana. Kwa kuwa kizuri hula na mwenziwe, tumeona tukueleze sifa hizo zilipatikanaje.

Ripoti inasema kila mkazi wa jengo hili ana wastani wa simu moja na robo tatu. Tumefurahi kusikia. Lakini Bibi Cherehani, mshona nguo wa chumba cha chini na mkubwa wetu kuliko wote, hana simu hata moja. Kwa hiyo kuna mtu humu anatembea na simu ya Bibi, moja nzima na vipande. Tunamwomba airudishe kwa hiari yake.

Ripoti inasema matumizi yetu hupanda sana alfajiri, na mara tu baada ya kila mlo, jambo linaloonyesha "jamii yenye kiu ya maarifa tangu kunapopambazuka". Mheshimiwa, hiyo si kiu. Ni tumbo.

Ipo Jumatatu moja ambayo, kwa mujibu wenu, matumizi yaliongezeka mara tatu kwa siku nzima, nanyi mkaandika kuwa ni matunda ya kampeni yenu ya uhamasishaji. Hatupendi kumvunja mtu moyo. Jumapili iliyotangulia kulikuwa na sherehe ghorofa ya tatu, na Jumatatu tulikula nyama iliyolala.

Ripoti inasema tena kuwa katika manunuzi ya mtandaoni, wateja wa jengo hili ndio wenye kufanya uamuzi haraka kuliko wote, kiasi kwamba wataalamu wenu wangependa kuja kujifunza. Waje. Watamkuta Baba Pacha, dereva wa lori, aliyekuwa ameketi akitazama tu bei ya viatu bila nia yoyote, mtu akagonga mlango kwa ngumi, kidole kikamteleza kwenye "kubali". Ana jozi tatu sasa, zote za kike, na hakuna inayomwenea mkewe. Kila kitu kilichonunuliwa katika jengo hili kimenunuliwa na mtu aliyekaa huku anagongewa. Kama mnataka kuuza haraka nchi nzima, dawa mmeshaipata.

Na wastani wa kukaa mtandaoni kwa mkupuo mmoja, mnasema, ni nusu saa. Tunalithibitisha hilo kwa uchungu.

CHANGAMOTO

Nusu saa ya mmoja ni nusu saa ya foleni nzima. Sasa tunaamka kwa zamu kama walinzi. Tumejaribu kukohoa. Tumejaribu kugonga kwa adabu, kisha bila adabu. Mama Pacha humwandikia mumewe ujumbe akiwa mle ndani: "Toka." Ujumbe unafika vizuri sana, maana yuko kwenye mtandao. Anausoma, alama zinabadilika rangi, na hatoki. Ndoa ile imefika kwa wazee mara mbili kwa ajili ya choo.

Utatuuliza, kwa nini hamkukihamisha kisanduku? Fundi wenu alikipiga mhuri, akasema tukikigusa huduma inakatwa. Hiyo ndiyo sababu tunayowaambia wageni. Sababu ya nyumbani ni kwamba hakuna aliyekubali kihamie kwenye mita yake, na aibu hiyo ni yetu wote. Tunaomba isiandikwe kwenye ripoti.

Badala yake tulichanga, tukatengeneza choo cha pili. Sinki jipya, bomba jipya, kitasa kipya. Fundi bomba wa ghorofa ya pili alifanya kazi ile bila ujira, siku zake za mapumziko, akiwa amelala chali sakafuni. Saruji ilipokauka, ikabaki kufungua tu. Hapo wakaja maofisa wako wakitafuta mahali pa kuweka mtambo mkubwa, maana takwimu zilikuwa zimewaambia kisanduku kimoja hakitutoshi. Wakaona chumba kisafi, kina soketi, hakikai mtu, na umeme unalipwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema sawa. Kufuli ikawekwa. Walipoliona sinki waliuliza kama linaweza kung'olewa.

Mgeni rasmi, hapa tunaomba tusicheke kidogo.

Bibi Cherehani ndiye mtu pekee katika jengo hili anayekwenda chooni kwa ajili ya choo. Miguu yake imevimba, hawezi kusimama muda mrefu, na ana haya ya watu wa zamani. Tukimwambia apite mbele, anasema, "Aa, kila mtu na zamu yake, wanangu," na anarudi kwenye cherehani yake. Hatukujua anafanya nini ili aweze kuvumilia. Kwanza aliacha chai ya jioni. Kisha akaacha maji ya mchana. Tulidhani ni mambo ya umri.

Mwezi uliopita alianguka juu ya cherehani yake na sindano ikamchoma kiganja. Tulimpeleka hospitali, wengine pekupeku. Daktari alimpima, akatutazama sisi tuliojazana mlangoni, akauliza, "Huyu mama mnakaa naye?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi hanywi maji. Mwili umekauka. Akiendelea hivi, figo zake hazitafika mbali." Kila mmoja wetu alikuwa na simu mkononi, na hakuna aliyeitazama.

Binti yake amekuja kutoka mbali. Anamchukua mwisho wa mwezi. Bibi hataki kuondoka. Wateja wake wako hapa, na watoto wetu wakitoka shule hufikia kwake, wanakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa mpaka sisi turudi makazini. Tulikwenda kumbembeleza abaki. Alitujibu akiwa anakunja nguo: "Sifukuzwi na uzee, wanangu. Nafukuzwa na foleni." Maneno yale yalituuma, na bado yanatuuma. Binti yake amesema choo cha pili kikifunguliwa, mama yake atabaki. Kikigeuka chumba cha mtambo, anaondoka naye.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, hatuombi tukiwa tumekunja mikono.

Baada ya Bibi kuanguka tulikaa kikao kingine. Hakikuchukua muda. Mwalimu alirudi kutoka safarini. Tumekubaliana kwamba kisanduku kitoke chooni, kikae kwenye mita zetu kwa zamu, mwezi kwa kila chumba, kuanzia kinyozi, maana ana soketi nzima na hana kisingizio. Fundi bomba ametoboa tundu la waya tayari. Tunaloomba kwako ni ruhusa ya kuvunja ule mhuri.

Mtambo wenu mkubwa tunaomba urudi na gari lililouleta. Tunajua utauliza takwimu zitakuwaje. Tutakwambia bila kuficha: zitaporomoka. Kisanduku kikitoka mle, wastani wetu wa nusu saa utakufa siku hiyohiyo. Ule mpando wa alfajiri mtautafuta kwa tochi. Baba Pacha hatanunua tena viatu. Mwakani cheti kitakwenda kwenye jengo lingine, na wakazi wake tunawapa pole mapema. Kama hiki cha leo nacho inabidi mkichukue, chukueni, misumari hatujagongelea.

Kwa mwenye nyumba tunaomba taa ya ngazi. Hatukupanga kuliandika hili, ila umekaa karibu.

Na ombi lenyewe, Mheshimiwa. Tunajua mgeni rasmi haji bure na hawezi kuondoka bila kukata kitu. Mpiga picha amesimama kwa muda mrefu. Kwa hiyo kata. Mkasi huo ni wa kinyozi, umenolewa asubuhi, hautakuaibisha. Lakini ukishakata, toa ufunguo ulioko mfukoni mwa ofisa wako, ufungue choo, useme mbele ya watu wote kwamba ni choo.

Utepe huo mwekundu, na ua lake hapo katikati, ameushona Bibi Cherehani. Maofisa wako walimpelekea kazi hiyo, wakamwambia ni ya sherehe. Hawakumwambia ni ya mlango gani, nasi tulikosa moyo wa kumwambia. Ameushona kwa mkono wenye bandeji, akakataa malipo, akasema mgeni apokewe vizuri. Ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani. Hajanywa maji tangu jana usiku, ili asije akainuka katikati ya hotuba yako.

Mungu akuzidishie afya, akulindie wazazi kama bado unao, na popote utakapobanwa ukute mlango uko wazi na kuna mtu anayekwambia, pita wewe kwanza.

Ni sisi,
Wapangaji wa Jumba la Ghorofa Tatu,
tuliosimama na tulioko kwenye foleni.