Aliyepima Nyayo Zangu Mchangani

Mugonile, ndugu zangu. Ndaga, asanteni, kwa kunikubalia nisimame hapa. Mzee wa kanisa amenipa dakika kumi, na mimi dakika kumi huwa zinaniishia kwenye salamu, kwa hiyo nitajibana. Sitamtaja mtu kwa jina. Mkisikia nasema "mwenzangu" au "mwalimu", msigeuke kuwatafuta kwenye mabenchi. Mwenye kosa katika habari hii ni mmoja, na ndiye anayesema nanyi.

Wengi mnanijua kama yule binti wa hapa Ipinda anayekimbia. Mmekutana nami alfajiri barabara ya Matema, na baadhi yenu mlikuwa mnamuuliza mama yangu ni nani anayemfukuza mtoto wake kila siku. Mwaka ninaousema, mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa anatafuta msichana mmoja wa kwenda kushindana mkoani, mbio za kilometa kumi. Mmoja tu. Na waliofaa tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu.

Huyu mwenzangu ni mtu wa Lyulilo, kule ufukweni mwa ziwa. Mama yake ni mfinyanzi, anauza vyungu gulioni. Yeye alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu ili awe karibu na mazoezi. Tulikimbia pamoja, tulikula pamoja, tulifua nguo kwenye beseni moja. Nikikosa soksi nilivaa zake. Kama kulikuwa na mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, ni yeye.

Mguu ulianza kuniuma mwanzoni mwa masika. Ugoko wa kushoto, hapa chini ya goti, upande wa ndani. Mwanzo ulikuwa unauma nikianza tu kukimbia, ukipata moto unaacha. Baadaye ukawa unauma mwanzo mpaka mwisho. Baadaye tena ukawa unauma nikiwa nimekaa, nachambua mchele. Sikumwambia mtu. Si mama, si mwalimu, si mwenzangu. Nilijua nikitamka tu neno "naumwa", nafasi imekwenda. Nilijifunza kukanyaga kwa namna yangu, nikameza dawa za maumivu nilizonunua dukani, nikatabasamu.

Sasa sikilizeni lililotokea. Siku moja tumemaliza kukimbia, tumekaa kwenye ukingo wa daraja tunavua viatu. Mwenzangu akaniuliza, "Mguu wa kushoto unakuuma?"

Nikamwambia, "Hapana. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na swali moja kichwani: alijuaje? Sijamwambia mtu. Na hakusema "mguu", alisema "wa kushoto". Anayejua ugonjwa wako kabla hujausema, ameujulia wapi?

Kuanzia hapo nikaanza kuhesabu. Mtu akishaingiwa na shaka, hakosi cha kuhesabu. Nikakumbuka kwamba aliwahi kunikanda mguu huohuo kwa mafuta aliyotoka nayo kwao, kwenye kichupa kisicho na karatasi ya jina. Nikakumbuka soksi zangu ziliwahi kukaa chumbani kwake siku tatu. Nikakumbuka kwamba mimi nikipungua kasi yeye anaongeza. Hayo yote yalikuwepo siku zote na sikuwahi kuyaona kuwa ni kitu. Sasa nikayaona kama shanga, nami nazitunga kwenye uzi mmoja.

Akaniuliza tena wiki iliyofuata. Nikamjibu vibaya. Mara ya tatu akaniambia, "Dada, mimi si mpinzani wako kwenye jambo hili. Nenda ukapime." Nikamwambia apime mwenyewe kwanza moyo wake. Akanyamaza. Nami ule unyamavu wake nikauingiza kwenye ushahidi.

Jumamosi mwalimu alikuwa anatupeleka Matema tukakimbie kwenye mchanga. Jumamosi moja tumemaliza, wenzetu wameingia majini kunawa, mimi nimekwenda nyuma ya miti kubadili nguo. Nilipotoka, nikamwona mwenzangu peke yake pale tulipokimbilia. Ameinama. Ana kijiti mkononi. Anakiweka juu ya unyayo, anakiinua, anahama kwenye unyayo mwingine. Na nyayo zile zilikuwa zangu. Nilizijua kwa soli ya kiatu changu iliyolika.

Hapa sote tumekulia nyumba zilezile, kwa hiyo sina haja ya kueleza kuchukuliwa unyayo ili ulogwe ni nini. Mmesikia kwa bibi zenu kama nilivyosikia kwa bibi yangu. Sikumsogelea wala sikumuuliza. Nilirudi nyuma ya miti nikasubiri mpaka alipoondoka, kisha nikaenda nikazifuta nyayo zangu kwa mguu, moja baada ya moja, huku ugoko unapiga kama jipu.

Jumatatu mwalimu akaniita pembeni. Akasema, "Nataka upumzike wiki mbili, na uende hospitali wakakupige picha mguu huo." Nikamuuliza nani amemwambia habari za mguu wangu. Akasema, "Nani kaniambia si neno. Nenda." Basi, nikajua na mwalimu wamemnunua. Kwangu lilikuwa wazi kabisa: mmoja ananiloga, mwingine ananitoa kwenye orodha, nafasi inakwenda Lyulilo.

Hospitali sikwenda. Nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye naye simtaji. Mchungaji anisamehe, lakini nimesimama hapa niseme kweli, siyo nusu. Mzee yule hakunigusa hata mguu. Aliniuliza maswali, akasema, "Adui yako mnakula sahani moja." Nami nikashangaa amejuaje, kumbe nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe katika kujibu maswali yake. Akanichanja ugokoni, akapaka dawa nyeusi. Kesho yake nikaenda kukimbia.

Sasa nafika mahali ambapo naona haya. Asubuhi moja pale bombani, tuko akina mama na mabinti kama kumi hivi tunasubiri maji, mtu akasema mbona nachechemea. Na mimi nikasema. Nilisema niliyoyaona mchangani. Jina la mwenzangu nililitaja mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeogopa kulitaja. Niliyajua niliyokuwa nafanya. Ndoo yangu haijajaa, habari ilikuwa imeshafika mtaa wa pili.

Mwenye nyumba alimwambia mwenzangu atafute chumba kingine. Alipoingia dukani, watu walinyamaza. Akaacha mazoezi, akarudi kwao. Lakini maneno yalikuwa yametangulia na wachuuzi wanaokwenda gulioni Lyulilo, na kule yakamkuta mama yake. Nani apikie kwenye chungu kilichofinyangwa nyumba ya mchawi? Mama yule alikuwa anapanga vyungu vyake asubuhi na kuvipangua jioni, vilevile. Niliambiwa hayo, na nawaambia ukweli, sikulia. Nilisema moyoni, dawa imefanya kazi.

Siku nne baadaye nikavunjika.

Nilikuwa nakimbia peke yangu, karibu na mashamba ya kakao, mwendo wa kawaida tu. Nilisikia mlio kama mtu amevunja kuni kavu, nikajikuta chini. Watu waliokuwa wanaanika kakao ndio walionibeba. Mwalimu akaja na pikipiki, akatafuta gari, akanipeleka hospitali, akakaa nami mpaka picha ikatoka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini haongei sana. Aliiinua picha dirishani, akanionyesha. "Hapa ndipo palipovunjika leo," akasema. "Lakini ufa huu hapa si wa leo. Una wiki nyingi. Mfupa ulikuwa unajaribu kujiunga, na wewe unaukimbiza."

Nikamwambia, "Daktari, mguu huu umetupiwa kitu."

Hakunicheka. Aliniuliza, "Ulianza kuuma lini? Ulikuwa unakimbia kiasi gani? Viatu vina umri gani? Ulimwambia nani?" Nikamjibu. Kwenye swali la mwisho nikasema, sikumwambia mtu.

Hapo mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akampa daktari. Daktari akaisoma, akanipa. Ilikuwa na michoro ya nyayo, kushoto na kulia, na vipimo pembeni. Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Ulikuwa umeandikwa hivi: kulia kisigino kinazama, kushoto hakigusi, hatua ya kushoto ni fupi, anatupa mguu nje. Na chini kabisa: Mwalimu, mimi hanisikii tena. Mwambie wewe. Apelekwe kupimwa kabla hajavunjika.

Daktari akasema, "Aliyeandika hii ana macho. Ungeletwa siku ile, ungepumzika wiki sita ukarudi mbioni."

Alijuaje? Alikuwa anakimbia nyuma yangu, ndugu zangu. Miezi mitatu anakimbia nyuma yangu, anaitazama miguu yangu. Ndivyo alivyojua.

Nilifungwa plasta. Nafasi ya mkoani haikwenda kwangu wala kwa mwenzangu. Mwaka ule hapakwenda mtu. Nilipoweza kutembea kwa magongo, nilimwomba mama yangu anisindikize Lyulilo. Tulikwenda siku ya gulio makusudi, maana nilichokiharibu mbele za watu sikutaka kukitengeneza chumbani. Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya vyungu vyake. Nikasema kwa sauti, mpaka wauza samaki wakageuka: "Mimi ndiye niliyesema binti wa mama huyu amenichukua unyayo. Nilisema uongo. Mguu wangu ulikuwa na ufa, na yeye peke yake ndiye aliyetaka nitibiwe."

Mama yule alipangusa vumbi kwenye chungu kimoja. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Basi sogea, unazuia wateja." Na wateja hawakuwepo.

Mwenzangu nilimkuta nyumbani, anakanda udongo. Hakuinuka.

"Nilikuuliza mara ngapi?" akasema.

"Mara tatu."

"Na wewe uliniuliza mara ngapi?"

Akaendelea kukanda. Kisha akasema, "Kaa chini, huo mguu hautakiwi kusimama." Nikakaa.

Ilichukua karibu mwaka kabla hajakubali kukimbia nami tena. Mguu umepona. Mwezi uliopita tulikimbia mkoani wote wawili; yeye alikuwa wa pili, mimi nilikuwa nyuma sana na nilimaliza. Msifikiri shaka imenitoka yote. Bado inakuja. Juzi alinyamaza njiani, nikaanza kutunga shanga zangu. Lakini sasa nauliza. Nilimuuliza, "Una nini?" Akasema tumbo linamuuma. Basi, lilikuwa tumbo.

Nawashukuru waliokuwa wanaanika kakao, walionibeba bila kuuliza mimi ni mtoto wa nani. Namshukuru mwalimu, niliyemwita moyoni mla rushwa naye akanitafutia gari. Namshukuru daktari. Mama yangu alinibebea ndoo za kuoga miezi yote ile, ndaga fijo, juba, asante sana mama. Na mwenzangu, ambaye amenipa ruhusa kusema haya yote, kwa sharti kwamba nisiyapambe.

Fundisho nililo nalo ni dogo. Ukiumwa, sema unaumwa, kabla hujamtafuta aliyekuumiza. Na unayemshuku, muulize yeye, usiulize bomba.

Nina ombi moja kwenu, kisha nakaa. Maneno niliyoyasema asubuhi ile yalitembea kuliko mimi. Nimeyafuata Lyulilo, nimeyafuata mitaa miwili mitatu, lakini mguu huu hauwezi kuyafikia yote. Wapo hapa mliosikia kwangu mkapeleka kwa wengine, na siwalaumu, mimi ndiye niliyewapa. Leo mkitoka hapa, rudini kwa walewale mliowaambia. Waambieni kwamba binti yule hakuchukua unyayo wa mtu, na mama yake anauza vyungu vizuri.