Magoti ya Dada Yetu Tuliyoyacheka

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, ingawa kwa haki nilistahili kukaa kimya.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akajifunza ushonaji, na tarehe 3 Januari 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, meza ya vifungo, akadumu hapo miaka thelathini. Tarehe 12 Agosti 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Baada ya uzazi wa pili alinenepa, mwaka 2009 magoti yakaanza kumuuma, na hapo, jamani, ndipo aibu yetu inapoanza, maana ni mimi niliyembandika jina la Bonge, ni mimi niliyemwambia mbele ya wageni kwamba magoti yake yanaomba talaka, na sote tulikubaliana kumpandishia cherehani yake ya nyumbani orofani ili ngazi zimpunguze mwili. Alicheka pamoja nasi, kumbe tukiondoka anashuka kwa makalio, ngazi moja moja.

Tarehe 17 Juni 2019 nilimsindikiza kwa daktari wa mifupa, nikingoja apewe za uso, lakini daktari alimshika vidole vilivyovimba, akaniuliza mimi kama dada anatembelea mikono. Akaeleza kwamba uzito huumiza goti, ni kweli, ila vidole havibebi mwili na bado vimevimba, kwa kuwa mafuta ya mwilini nayo hutoa homoni zinazochochea uvimbe hadi gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, ikalika, na homoni ya shibe ikipuuzwa na ubongo, mtu husikia njaa ambayo si uroho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilitoka kichwa chini, nikasema nitamwomba radhi kesho, na kesho hiyo sikuifikia.

Tarehe 2 Machi 2022 kifua kilimbana, akanyamaza siku mbili, na binti yake mkubwa alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba alihofia tutasema Bonge ameanza tena. Alifariki tarehe 4, saa tatu asubuhi, moyo ukiwa umeshindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomshika mkono ngazini, na wenzake wa meza ya vifungo, ambao hawakuwahi kumwita jina lile.

Dada, nisamehe, na upumzike kwa amani tuliyokunyima.