Valeriani Hhando, Fundi wa Mapaa ya Stesheni

Valeriani Hhando alizaliwa tarehe 12 Machi 1927 hapa hapa Rhotia, mtoto wa tatu wa Mzee Hhando Qamara na Mama Elizabeti. Anayewasomea ni mdogo wake, Antonia. Nyumba yao ilikuwa ya tembe, na paa lilipovuja Mama aliwapandisha wavulana juu na udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, wakaziba. Valeriani alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, na alijua hivyo, maringo yake hayakuwa na kipimo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza useremala Mbulu. Mwaka 1952 aliajiriwa reli ya Tanga kama fundi wa majengo. Mapaa ya stesheni kuanzia Korogwe hadi Arusha aliyajua bati kwa bati.

Tarehe 14 Januari 1956 alifunga ndoa na Leonida kanisani Mbulu, wakajaliwa watoto watano. Likizo ya harusi ilimkuta bado ana tundu moja la kuziba, juu ya stoo ya stesheni ndogo ya Mikwajuni. Lami ilikuwa imekwisha na treni ya kumpeleka harusini ilikuwa inakuja. Basi kijana wa Mama Elizabeti akaziba bati kwa udongo na mavi, kama nyumbani, akashuka mbio. Tembe hukubali dawa hiyo. Bati halikubali. Masika ya mwaka huo maji yaliingia, magunia ya sukari yakaharibika, na mkubwa wa kazi akaamua kwamba mlinzi wa stoo aliacha dirisha wazi. Mlinzi huyo, Olais Metui wa Kakesio, rafiki yake aliyekuwa akila naye sahani moja, akafukuzwa. Valeriani alinyamaza.

Alistaafu mwaka 1977 akarudi kulima. Lakini reli ilikuwa haijamtoka. Mwaka 1978 alianza kutengeneza stesheni ndogo juu ya meza ya sebuleni, na wengi wenu mliiona, maana Karatu nzima hakuna aliyekuwa na treni isipokuwa yeye. Nyumba hakuona taabu nazo. Shughuli ilikuwa mapaa. Alikata makopo ya mafuta ya kupikia, akayakunja juu ya spoku za baiskeli hadi yakapata migongo ya bati. Aliyapaka maji ya chumvi na kuyaanika nje wiki nzima yashike kutu. Alitia masizi kwenye bomba la moshi la jiko, akaweka vijiwe vya kuzuia upepo, mifereji ya mvua ya waya, tangi la maji lenye doa chini ya koki, na hata chokaa kidogo pale ambapo njiwa hupenda kukaa. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni dukani, na kopo lilikuwa mali. Siku moja Leonida alikuta mafuta yake yamehamishiwa kwenye bakuli na kopo limekwisha kuwa paa la ofisi ya tiketi. Alimnunia siku tatu, na bado alimpikia.

Paa moja tu lilimshinda, la stoo. Alilitengeneza mara saba na kuliponda mara saba. Leonida alipomuuliza, alijibu kwamba halijakaa sawa. Mwaka 1983 ndipo alipochukua udongo na mavi, tone la ukubwa wa harage, akalibandika mahali pake. Kisha akamketisha mkewe akamwambia yote.

Juma lililofuata aliifunga stoo ile ndani ya boksi, akapanda lori hadi Endulen, akatembea hadi Kakesio. Olais aliigeuza mkononi polepole.

"Dirisha umelifunga," akasema.

"Ulilifunga wewe. Ni mimi niliyeziba tundu kwa mavi."

"Najua. Mimi Mmasai, nisijue harufu ya mavi ya ng'ombe? Yale maji yaliponidondokea tu, nilijua."

Valeriani alimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na mke wa miezi mitatu. Mimi nilikuwa na ng'ombe wa kurudia." Olais aliiweka stoo juu ya goti. "Lakini nilikungoja, Valeriani. Nilidhani utakuja mwaka ule ule."

Ndipo kaka yetu alipojua alichokifanya. Kwa wafugaji, mtu anayeacha dirisha au lango wazi si mtu wa kukabidhiwa boma. Kuanzia siku Olais aliporudi, baba yake alimpa mdogo wa Olais kazi ya kufunga lango la ng'ombe kila jioni, na akafa mwaka 1971 hajabadili neno. Valeriani alilia kule Kakesio, na aliporudi Rhotia alilia tena. Tangu hapo wazee hao wawili walitembeleana kila mwaka.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuugua kifua. Alifariki hospitalini tarehe 17 Agosti 1988, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo alimwagiza Antonia kwamba habari ya stoo isomwe mazishini, isipunguzwe hata kidogo. Wapo ndugu waliosema jambo hilo ni aibu, tulizike naye. Antonia aliwaambia waandike wasifu wao.

Marehemu ameacha mjane, Leonida, watoto watano, wajukuu kumi na wawili, mdogo wake Antonia, na Mzee Olais Metui, aliyeketi na wafiwa pamoja na wanawe. Nyinyi wana wa Olais, babu yenu hayupo asikie, basi sikieni nyinyi: baba yenu alilifunga lile dirisha. Valeriani amelisema mbele ya watu. Sasa Mungu ampe pumziko la amani.