Zamu ya Nanyori

"Subiri kwanza! Wewe mtoto, mkubwa hajatoa habari zake, nawe umeshaanza zako?"

Nanyori akafunga mdomo. Alikuwa anarudi kwao Olbalbal kula Krismasi, ametoka chuo cha ualimu, na kifuani ana barua ya serikali: Januari anaanza kufundisha shule ya nyumbani! Habari ilimwasha kooni. Lakini jirani yake juu ya magunia ya mahindi, ndani ya lori la kutoka Karatu, alikuwa Mzee Lembris, aliyehamia Olbalbal juzi juzi akitokea Oloipiri, na Mmasai akitoa habari unamwacha amalize.

Mzee akaanza na mvua. Akaja kwenye ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi yake. Nanyori akaitikia, "Ee. Ee."

"Na shule yetu haina mwalimu, mwaka wa pili huu. Sasa wanatuletea. Wakituletea msichana, tunamrudisha kwa lori hili hili."

"Ee... eti nini? Msichana ana ubaya gani, mzee?"

"Ataolewa kabla chaki haijaisha."

"Na kama ni binti wa pale pale, wachumba wawili ameshawakataa?"

Mzee akageuka, akamtazama vizuri. "Binti gani huyo?"

"Malizia habari zako, mzee."

"Zimeisha! Toa zako!"

Lori likasimama. Mama yake Nanyori alikuwa anakuja mbio, shanga zikirukaruka. Nanyori akaruka chini, anacheka.

"Zangu ni ndefu, mzee! Kesho nakuja bomani kwako, na utaitikia mpaka nimalize!"