Sahihi Moja Tu

Kwenye basi la Malvern, huku ughaibuni, mama mmoja mwenye sare ya unesi alikuwa akimfokea mwanamume aliyeketi kando yake. Hawakujuana. Mwanamume alimsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu, akamsalimu, na sasa alikuwa anaijutia salamu yake. Mimi nyuma yao nilijifanya nasoma.

“Kaka, mimi ni raia wa hapa. Binti yangu nilimzaa Morogoro, ana miaka kumi na saba, ana ukaazi wa kudumu. Namwombea uraia kama mtoto wa raia, hata mtihani wa uraia hafanyi! Fomu nimejaza yote. Imebaki sahihi yake tu, maana aliyepita miaka kumi na minne lazima asaini mwenyewe. Hataki!”

“Hataki vipi?”

“Hataki! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, leo nimbembeleze ashike kalamu? Mwezi ujao anatimiza kumi na nane. Hapo ataomba kama mtu mzima, ahesabiwe siku alizoishi hapa, na mtihani afanye!”

Aliipiga kofi bahasha ya fomu iliyokuwa mapajani, kana kwamba ndiyo iliyokataa.

“Na pasipoti ya Tanzania?” mwanamume aliuliza.

“Ataiacha, Tanzania hairuhusu uraia pacha! Mimi si niliiacha? Nimekufa?”

“Sasa yeye anasemaje, dada?”

Mama aligeukia dirisha.

“Ananijibu kwa Kiingereza chake, eti nilikwenda kumzika baba yangu kwa viza ya utalii.”

Basi likasimama. Yule kaka, aliyekuwa na swali kila kituo, akashuka bila swali.